Toleo 1.10 sio la zamani kuliko 1.9

Hapa Kigoma, mafundi simu wa Mwanga na hata vijana wanaoandika programu, wengi tunaamini toleo 1.10 la programu ni la zamani kuliko 1.9, maana shuleni 1.10 ni ndogo. Hesabu hiyo iko sawa kabisa, ila namba ya toleo sio desimali, ile nukta inatenganisha namba nzima tu, kama sura na aya vile, aya ya 10 inafuata baada ya ya 9. Hata skripti (programu fupi) ya kutoa matoleo ikipanga namba kama maneno itaweka 1.10 kabla ya 1.9, na hapo ndo watu wanapelekewa toleo la zamani, inaumiza kweli. Kuhakikisha, kwenye Linux panga orodha ya matoleo kwa amri ya sort, inayopanga kama maneno, halafu kwa sort -V, inayopanga kama namba za matoleo, au soma tarehe kwenye orodha ya mabadiliko.