Mashine yako haina buti mbili

Jamani hii ya "laptopu yangu ina buti mbili" nimeisikia hapa Tabora mpaka basi, na juzi nimeisikia tena kwa dogo mmoja alokuja na mashine kwenye begi la shule, skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe umeandikwa BOOTMGR is missing (yaani kile kinachoamsha Windows hakionekani), ananiambia "kaka nimefuta buti moja tu, ile ya Windows 7, niweke Ubuntu pale, ile ya 10 sijaigusa kabisa, sasa mbona zote zimekufa?"

Haraka haraka: kubuti ni mashine kuamka, kuanzia unapobonyeza pawa mpaka mfumo endeshi ushike usukani. Basi. Windows sio buti, Ubuntu sio buti, hiyo ni mifumo inayoamshwa.

Nadhani neno lenyewe ndo limetuponza. Kwetu buti ni kiatu cha mgambo, au ni kule nyuma ya gari tunapotupia magunia, na kuna mzee aliwahi kuniuliza kwa dhati kabisa kama naweza kumwongezea nafasi kwenye buti ya kompyuta yake. La gari halihusiki hata kidogo mzee wangu. Kiatu kinahusika, ila sio kiatu chenyewe, ni kile kitanzi cha nyuma unachokivuta ili mguu uingie, Waingereza wanakiita bootstrap. Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa na kejeli yao, kwamba mtu ajinyanyue kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya buti alizovaa mwenyewe, uvute mpaka kesho huendi popote. Miaka ya 1950 watu wa kompyuta wakaona hii ndo shida yetu, maana programu inapakiwa na programu nyingine, sasa ile ya kwanza kabisa inapakiwa na nani? Kwenye mashine nyingi za zamani ilibidi mtu akae mbele yake anapandisha na kushusha swichi moja moja, anaingiza amri chache za mwanzo kwa mkono. Baadaye ikawa kazi ya chipu kwenye bodi, na kwa mashine za BIOS (programu ya zamani ya kuamsha iliyomo kwenye chipu hiyo) chipu inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, na humo kodi ya kuamsha inapata 446, yaani hata hii aya haiingii. Hako kadogo kanaita kakubwa kidogo, na kakubwa ndo kanakuuliza unataka 7 au 10.

Treni ya kutoka Dar ikifika stesheni yetu hapa, njia moja inakwenda Kigoma, nyingine Mwanza. Kigoma na Mwanza ndo mifumo yako. Buti ni pale reli inapogeuzwa, na ni mahali pamoja tu.

Sasa mgeuza reli wa dogo, yaani zile faili za kuamsha, alikuwa amepanga nyumba ya Windows 7. Ile 7 ikikuta diski tupu huwa inajitengea kapatisheni (kipande cha diski) ka MB 100 ka kuwekea faili hizo, lakini hii ilikuta diski imeshagawanywa ikaziweka humohumo C, patisheni yake yenyewe, na 10 ilipokuja ikapanga hapohapo. Dogo kabuti kwa flashi, kafomati C (kaifuta yote), kaondoka na mgeuza reli. (Microsoft nao hawasaidii, patisheni yenye faili za kuamsha wanaiita ya mfumo, na yenye Windows yenyewe ndo wanaiita ya buti, we acha tu.)

Dawa haikuwa kupiga Windows upya kama alivyoambiwa na fundi wa kwanza. Niliingia kwa flashi ya Windows, nikafungua diskpart (programu ya kupanga diski), nikaifanya patisheni ya 10 kuwa active, yaani ndo ya kuamshia, nikaandika bcdboot (amri ya kuweka faili za kuamsha) na njia ya folda yake, ikaamka na picha zake zote. Mashine mpya za UEFI (iliyochukua nafasi ya BIOS) zina patisheni ya pembeni kwa kazi hiyo, imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, kila mfumo na folda yake humo, ndo ile watu wanaiona ndogo wanaifuta wakidhani takataka.

Kwa hiyo dogo, una mifumo miwili na buti moja. Siku nyingine kabla hujafomati ile ya zamani, niulize tu "kaka, faili za kubutia ziko patisheni ipi?", tuzihamishe kwanza, halafu hiyo C weka Ubuntu yako.