Mionzi haimwagiki

Gari la maabara likipata pancha tu njiani, na ubavuni lina ile alama ya mapanga matatu kama ya feni, habari husambaa hivi: "Gari lililobeba mionzi limekwama." Likipinduka ndiyo kabisa: "Mionzi imemwagika, watu wakimbie." Kukimbia pengine ni sawa. Sentensi ndiyo mbovu. Mionzi haibebwi, haimwagiki, haifungwi ndani ya boksi wala haizolewi kwa fagio, na anayedhani inawezekana atakosea hatua ya kwanza kabisa siku gari litakapopinduka kweli.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Mada nururifu ni kitu cha kawaida kushikika: unga, maji, kipande cha chuma, gesi. Tofauti yake ni kwamba viini vya atomu zake havijatulia na vinavunjika vyenyewe, kimoja kimoja. Mionzi ni kile kinachochomoka kiini kinapovunjika: chembe za alfa na beta, au mawimbi ya gama. Uchafuzi ni mada ileile ya kwanza ikiwa imefika mahali isipotakiwa, kama kwenye glavu, kwenye mkeka wa gari au juu ya mfuniko wa kasha. Fikiria jiko: kuna mkaa uliowaka, kuna joto, kuna masizi. Masizi yanapakaa, joto linakufikia bila kukugusa, na mkaa ndio unaohamishwa kwa koleo. Hakuna aliyewahi kusema lori limebeba magunia ishirini ya joto.

Lugha yenyewe ilishayatenga mambo haya zamani. Mwonzi ni ule mstari wa jua unaopenya tundu la makuti na kuangukia sakafuni. Ziba tundu, mwonzi haupo. Huwezi kuutia kwenye kopo ukampelekea jirani. Wataalamu walipohitaji neno la kile kinachochomoka kwenye atomu walichukua neno hilohilo, na walichagua vizuri, maana tabia ni ileile: kina chanzo, kinasafiri, kinazuiwa na kizuizi, na chanzo kikiondoka nacho kimekwisha.

"Nururifu" limetoka kwingine. Shina lake ni nuru, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, tukalizalisha nurisha na nururisha. Kinachopuuzwa ni kile kiambishi cha mwisho. Katika Kiswahili -fu na -vu huonyesha tabia ya kudumu. Msahaulifu si mtu aliyesahau funguo leo asubuhi, ni yule ambaye kusahau ndiko kulikomjenga. Mvumilivu, mdanganyifu, mtulivu, wote wako hivyo. Kwa hiyo kitu nururifu si kitu kilichomulikwa na kitu kingine, ni kitu ambacho kutoa mionzi ndiyo tabia yake, kiwe kabatini, kwenye lori au chini ya ardhi, bila swichi. Unururifu ni jina la tabia hiyo, wala si jina la kinachotoka.

Wazungu nao walianzia kwenye mwanga. Pierre na Marie Curie walipolitumia neno lao "radio-active" mwaka 1898 walijenga juu ya "radius" ya Kilatini, yaani spoki ya gurudumu, na pia mwonzi unaotawanyika kutoka katikati. Redio iliyo sebuleni kwako inatokana na shina hilohilo. Hilo nalo limewachanganya wengi, lakini tuliache.

Kwa nini nang'ang'ania -fu? Kwa sababu "kilichopigwa mionzi" na "kilicho nururifu" ni vitu viwili, na historia ya kwetu ina mfano usiosahaulika. Kati ya 1994 na 1997 mbung'o wa aina ya Glossina austeni walitokomezwa Unguja kwa kuachia madume yaliyohasiwa. Madume hayo yalizalishwa Tanga kwenye kituo cha utafiti, yakapigwa mionzi ya gama, yakapakiwa ndani ya ndege na kumwagwa juu ya kisiwa kwa mamilioni. Ndege ile haikuwa na shehena nururifu hata chembe. Gama ilipita ndani ya mbung'o, ikaharibu mbegu zao, ikaenda zake. Kilichokuwa nururifu ni chanzo, nacho kilibaki Tanga ndani ya kinga yake. Mgonjwa aliyepigwa eksirei ni vivyo hivyo. Na mashine ya eksirei yenyewe, ikiwa ndani ya kreti bila umeme, haina mada nururifu wala mionzi. Kuibandikia lebo ya mapanga matatu ni kuwapotosha watu wa zimamoto.

Sasa tuje barabarani, ambako kosa hili lina gharama. Mambo matatu yana vipimo vitatu. Wingi wa mada hupimwa kwa bekereli: viini vingapi vinavunjika kwa sekunde. Mionzi inayomfikia mtu hupimwa kwa milisiveti kwa saa. Uchafuzi hupimwa kwa bekereli kwa kila sentimita ya mraba. Hakuna kimoja kinachoweza kusimama badala ya kingine, na bado utamkuta mtu anazungusha kipima-mionzi kuzunguka kasha, sindano haijacheza, anasema "liko safi". Hajapima usafi. Kama ndani kuna tritiamu, yaani hidrojeni nururifu, beta zake ni dhaifu kiasi kwamba haziingii hata kwenye dirisha la kaunta ya Geiger, yaani hicho kipima-mionzi cha mkononi. Chupa inaweza kuwa imevuja, kasha zima limelowa, na kipimo kikasoma sifuri.

Usafi hupimwa kwa kupangusa. Chukua karatasi ya chujio, ilowanishe kidogo kwa spiriti, vaa glavu, pangusa eneo la sentimita 15 kwa 20, yaani sentimita za mraba 300, kwa mkandamizo wa wastani, kisha ipeleke karatasi mbali na kasha ndipo uihesabu. Ukiihesabu pale pale, gama inayotoka ndani ya kasha itakuongopea. Kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zinaruhusu juu ya kasha uchafuzi unaopanguswa usiozidi bekereli 4 kwa sentimita ya mraba kwa vitoa beta na gama pamoja na alfa za sumu ndogo, na 0.4 kwa alfa nyingine. Eneo lile zima, basi, mwisho ni bekereli 1,200. Karatasi haizoi zote. Desturi ni kuchukulia kwamba imezoa sehemu moja ya kumi, kwa hiyo ukikuta bekereli 120 kwenye karatasi ujue umegusa ukomo. Tritiamu ihesabiwe kwenye mashine ya sintilesheni ya kimiminika, inayohesabu vimweko vya mwanga ndani ya kimiminika kilichochanganywa na sampuli; kaunta ya mkononi iache mezani.

Namba inayosomwa vibaya kuliko zote ni ile iliyo ndani ya kisanduku kidogo cha lebo ya njano inayobandikwa kwenye kasha. Wengine huiita "asilimia ya mionzi". Hiyo ni fahirisi ya usafirishaji, na hupatikana hivi: pima kiwango cha juu kabisa cha mionzi mita 1 kutoka uso wa kasha, kwa milisiveti kwa saa, zidisha kwa 100, kisha panda juu hadi desimali moja. Ukisoma 0.013, fahirisi ni 1.3. Ukisoma 0.0113, ni 1.2, hushuki kamwe. Namba hiyo haisemi ndani kuna kiasi gani. Chukua kitu kilekile, kiongezee risasi (madini, si ya bunduki) na fahirisi itashuka, huku bekereli zilizoandikwa mstari wa juu zikibaki vilevile. Kwa gari linalochanganya mizigo, jumla ya fahirisi zote isizidi 50, na penye kiti cha dereva asiyevaa kipima-dozi pasizidi milisiveti 0.02 kwa saa. Hapo ndipo umbali unapofanya kazi ya bure: kasha likisogezwa kutoka mgongoni mwa dereva hadi mlango wa nyuma, limepunguza dozi kuliko bamba jembamba la risasi.

Rangi nazo zifuate vipimo, si hisia. Lebo nyeupe yenye mstari mmoja mwekundu: usoni mwa kasha pasizidi milisiveti 0.005 kwa saa na fahirisi ni sifuri. Njano ya mistari miwili: hadi 0.5 usoni na fahirisi isiyozidi 1. Njano ya mitatu: hadi 2 usoni na fahirisi isiyozidi 10. Kimoja kikiangukia daraja la juu na kingine la chini, kasha linapewa la juu.

Maabara nyingi za utafiti husafirisha vitu vidogo kuliko hofu yake. Chupa ya fosforasi-32 ya megabekereli 37 (bekereli milioni 37), kwa mfano, iko chini ya ukomo wa megabekereli 50 wa kimiminika cha isotopu hiyo, yaani aina hiyo ya atomu, kwa hiyo hupita kama kifurushi chenye msamaha, namba ya Umoja wa Mataifa UN 2910, bila lebo ya rangi, mradi usoni pasizidi ile 0.005. Chupa hukaa ndani ya akriliki (plastiki ngumu) nene ya sentimita moja. Ukianza na risasi umekosea, kwa sababu beta za fosforasi zikikwama ghafla kwenye metali nzito huzaa eksirei, mionzi ya breki ukipenda, na umejitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo. Mara nyingi chupa hiyo husafiri kwenye barafu kavu, na ndani ya gari dogo lililofungwa vioo, hatari iliyo karibu na dereva ni hewa ya ukaa inayofuka kutoka kwenye barafu, wala si isotopu. Boksi la barafu kavu halifungwi likakazwa, lazima lipumue.

Matukio mawili yanaonyesha tofauti vizuri kuliko ufafanuzi wowote, na yote mawili ni ya sisiamu-137, metali nururifu. Goiânia, Brazil, Septemba 1987: mashine ya tiba iliyotelekezwa ilivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na terabekereli (trilioni za bekereli) 50.9 za kloridi ya sisiamu, unga unaoyeyuka majini na kung'aa kibuluu gizani. Watu walijipaka, wakagawiana, wakala kwa mikono ileile. Mabaki yalitiwa kwenye mfuko, yakapandishwa basi la abiria, aliyeyabeba akiwa ameyaweka begani, hadi ofisi ya afya, ambako yaliishia kwenye kiti uani. Watu wanne walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 100,000 walipimwa. Pale kitu kilimwagika, na kilichomwagika ni unga.

Australia Magharibi, Januari 2023: kifaa cha kupimia cha mgodini kilipakiwa kwenda Perth, safari ya kilomita 1,400. Kasha lilipofunguliwa, kifaa kilikuwa kimesambaratika, boliti moja kati ya nne haipo, na kapsuli iliyobeba mada nururifu haipo. Inadhaniwa mtikiso wa njia ulilegeza boliti, kapsuli ikatoka. Milimita 6 kwa 8, ndogo kuliko punje ya hindi, ndani yake gigabekereli (bilioni za bekereli) 19 za sisiamu. Ilipatikana tarehe 1 Februari kando ya barabara, nzima, imefungwa. Hakuna udongo uliochafuliwa. Lakini mita moja kutoka kwake mionzi ilikuwa karibu milisiveti 1.6 kwa saa, na kwa kuwa umbali ukipungua mara kumi mionzi huongezeka mara mia, aliyeiokota na kuiweka sentimita 10 kutoka mwilini angepokea kama 160 kwa saa. Mfukoni usiulize.

Angalia basi jinsi hatua zinavyopishana. Kapsuli ikidondoka: rudi nyuma, zuia watu, usiiguse, na maji hayana kazi. Chupa ikivunjika: zuia watu wasikanyage, funika kwa karatasi ya kunyonya na nailoni juu yake, wote walio na wasiwasi wa kuguswa wabaki hapo hadi wapimwe viatu na mikono, na mpira wa maji usiletwe kabisa, kwa sababu utalifanya doa la bakuli moja kuwa mtaro mzima. Anayepiga simu na kusema "mionzi imemwagika" hajamwambia mpokeaji achague lipi kati ya hayo mawili.

Makasha matupu nayo yana vituko vyake: yanarudishwa na lebo ya njano bado imebandikwa, polisi wa barabarani wanalisimamisha gari kwa muda wa saa tatu kwa sababu ya kitu kisichokuwemo. Lebo hubanduliwa au kufunikwa kabla ya kurudi, baada ya kupangusa, si kabla.

Ikiwa "mada nururifu" ni zito kinywani, si lazima ulitumie. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania husema "vyanzo vya mionzi", na neno hilo moja la mbele linatosha. Gari limebeba chanzo cha mionzi. Chanzo kimepotea. Chanzo cha kimiminika kimevuja. Ukikosa uhakika kama kimevuja, sema tu gari limepinduka, soma isotopu na bekereli zilizoandikwa kwenye lebo ukiwa mbali kadiri macho yanavyoruhusu, na uzitaje kama zilivyo.