Ski ngumu ndo hudumu? Wapi bana

Juzi hapa Malindi tumekaa barazani na kahawa, binamu yangu anaenda Italia kwa shemeji yake na anataka ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kutelezea theluji, tena za paki, zile za kuruka majukwaa ya theluji na kuteleza juu ya reli za chuma, basi kila mtu anamwambia nunua ngumu kama meza ndo haivunjiki. Si kweli. Wengi tulimuona Sabrina Simader akiwakilisha Kenya kwa Olimpiki ya baridi ya Pyeongchang 2018 tukadhani ski ni ski tu, kumbe yule ni wa mbio, na ya mbio lazima iwe ngumu ishike barafu.

Ya paki inaumia kwingine kabisa. Ukipanda reli ni chuma kwa chuma, ule ukingo wa pembeni chini ya mguu ndo unapasuka kwanza, halafu maji yanaingia kwa mbao ya ndani inaoza, kwishney. Kwa hivo angalia ukingo mnene, milimita 2.5 hivi, tumbo nene, yaani ule upande wa chini unaoteleza, na ubavu uliosimama wima.

Na ulaini je? Foromali ya jahazi hupinda na bado inabeba tanga zima. Ncha zikipinda kidogo ndo raha ya kucheza, ila laini kupindukia ukitua kutoka jukwaa kubwa inayumba. Ah, na fundi akitaka kunoa ukingo hapo chini ya mguu mkataze, wacheza paki wenyewe hupiga tupa makusudi uwe butu usinase kwa reli.