Viza ya transiti na zile saa 24

Barza za kahawa za Mji Mkongwe zina sheria yao ya transiti: ukiunga ndege chini ya saa 24 huhitaji viza, ukizidi hapo unaihitaji. Nimeisikia Jaws Corner, nimeisikia Darajani kwa watu ambao kuuza tiketi ndiyo riziki yao, na kila kijana anayepata nafasi ya kusoma ng'ambo hupewa bure pamoja na pongezi. Sheria hiyo, kama sheria ya kila nchi, haipo.

Viza ya transiti ni ruhusa ya kupita katika nchi, au katika uwanja wake wa ndege tu, ukiwa njiani kwenda nchi nyengine. Zipo za namna mbili. Ya kwanza ni ya kupita uwanjani: unashuka, unabaki upande wa abiria wa kimataifa, unapanda ndege nyengine na huonani na Uhamiaji wa nchi ile. Ya pili ni ya kupita nchini: unavuka dirisha la Uhamiaji, hata kama ni kwenda kuchukua begi tu na kurudi. Mgeni aliyekaa barzani hajaingia nyumbani, hata akikaa mpaka alasiri. Anayekatisha ukumbini kutokea mlango wa uani ameshaingia, hata kama hakukaribishwa chai.

Sasa, hizo saa 24 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye nauli. Katika safari ya kimataifa, mashirika ya ndege huhesabu kwamba abiria akikaa mahali pa kuungia zaidi ya saa 24, amesimama pale kwa hiari yake, na bei ya tiketi inaweza kubadilika. Chini ya hapo anahesabiwa kuwa bado yumo safarini. Ni hesabu ya biashara, haikutungwa na Uhamiaji wa nchi yoyote. Wakala anaijua kwa sababu anaitumia kila siku. Mteja anauliza habari ya viza, anajibiwa habari ya nauli, na wote wawili wanaagana wameridhika.

Linaloamua kwanza ni pasipoti uliyonayo na kama njia yako inakuvusha dirishani. Na njia inaweza kukuvusha bila ya wewe kutaka. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali kwa sababu ni rahisi zaidi, mara nyingi begi lako halitapelekwa mpaka mwisho. Utalitoa kwenye mkanda, na mkanda uko ng'ambo ya dirisha. Ukishukia Heathrow na ndege ya pili ikaruka kutoka Gatwick, au ukatua Charles de Gaulle ukaondokea Orly, utapita barabarani, yaani ndani ya nchi ya watu. Nadhani sisi wa visiwani hili linatupotea kwa sababu ya mazoea. Mtu wa Pemba anapanda kindege Chake Chake, anashuka Unguja, anachukua mzigo wake, anatembea nao mpaka jengo jengine la Uwanja wa Abeid Amani Karume na kuanza safari yake ya nje. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana hakutoka nchini kwake. Akifika mbele anategemea mambo yawe vile vile.

Akipitia Nairobi yatakuwa karibu vile vile, kwani Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Hata ule utaratibu wa kibali cha mtandaoni ulioanza Januari 2024 umewasamehe raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tiketi mbili kwa njia ya Nairobi ni usumbufu wa mizigo tu. Dubai, anayebaki ndani ya uwanja hahitaji viza. Anayetaka kutoka anaombewa mapema na shirika la ndege, ya saa 48 bila malipo au ya saa 96 kwa dirhamu 50.

Ulaya ndiko kwenye mtihani. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, zina orodha ya pamoja ya nchi 12 ambazo raia wake wanatakiwa viza hata kwa kupita uwanjani tu. Somalia imo, Ethiopia imo, Kongo ya Kinshasa imo, Nigeria na Ghana pia. Tanzania haimo. (Kila nchi inaruhusiwa kuongeza majina yake, kwa hiyo orodha ya mwaka jana si ya kuazimana.) Kwa hiyo kijana wetu anayekwenda Toronto kwa njia ya Doha na Frankfurt, kwa tiketi moja, kwa orodha ile hadaiwi kitu Frankfurt. Lakini mpe tiketi iliyo nafuu kidogo, ya Doha, Frankfurt, Munich, Toronto. Frankfurt kwenda Munich ni ndege ya ndani, na Schengen ukishaingia umeingia. Hapo anahitaji viza ya Schengen kamili, na hata ile ya kupita uwanjani haitamsaidia. Anaweza kukaa Frankfurt dakika 90 tu, na zile saa 24 za barzani zisimfae kitu.

Uingereza mambo yamegeuka. Tanzania imo katika orodha yao ya wanaotakiwa viza hata wasipovuka dirisha la Uhamiaji. Lakini mwenye viza hai ya Marekani, Canada, Australia au New Zealand amesamehewa hiyo, na ndiyo maana utamsikia mmoja akiapa kwamba alipita Heathrow bila ya viza na mwengine akiapa kwamba alizuiwa. Wote wakweli. Pasipoti ni moja, viza iliyobandikwa ndani ndiyo mbali. Na anayevuka dirisha kwa msamaha huo lazima aondoke kabla ya saa sita ya usiku inayofunga siku inayofuata ile ya kufika: wanahesabu tarehe, si saa 24.

Marekani haina barza. Kila anayetua anapita Uhamiaji na anachukua mzigo wake, hata kama anakwenda Mexico na ndege inamsubiri mlango wa jirani. Zamani palikuwa na mpango wa kupita bila ya viza, ukasitishwa Agosti 2003, na tangu hapo Mtanzania anayeunga ndege New York anahitaji viza ya C-1, yaani ya transiti, au viza ya kawaida ya matembezi kama anayo.

Watu hudhani kesi hii husikilizwa huko mbali. Husikilizwa hapa hapa, kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo, na yule binti wa kaunta unayemwona mkali hakujitungia ukali. Chini ya Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 juu ya usafiri wa anga, shirika la ndege ndilo lenye wajibu wa kuhakikisha abiria ana hati za kupita na za kuingia, na akikataliwa ndilo linalomrudisha. Juu ya hapo kuna faini. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2001 linazitaka nchi wanachama ziweke kiwango cha chini kisichopungua yuro 3,000, au cha juu kisichopungua yuro 5,000, kwa kila abiria. Basi binti anafungua Timatic, hifadhi ya masharti ya safari inayotumiwa na mashirika ya ndege, anaingiza uraia wako, viza zako na kila kituo, na anafuata jibu linalotoka. Kumwambia "mimi napita tu" hakumpunguzii hata yuro moja.

Saa zenyewe zina pahala pake, nisije nikaonekana nimezifuta. Homa ya manjano, kwa mfano, inazihesabu: ukirudi nyumbani na ulikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, Tanzania inataka cheti cha chanjo. Lakini hilo ni la afya.

Kwa hiyo wazee wangu wa barzani, kijana akija na tiketi yake, msianze na "unakaa saa ngapi?" Muulizeni kwanza begi lake atakabidhiwa wapi, na ndege ya pili inaruka kutoka uwanja upi kwenda wapi. Kisha mwambieni aulize ubalozi wa ile nchi ya katikati, kabla hajalipia.