Senti kumi ya 1936: kuitambua sarafu chotara

Unguja na Pemba zilianza kutumia shilingi na senti za Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 1936, rupia ilipoondolewa. Senti kumi ya mwaka huo, ile kubwa yenye tundu, ina jina la Edward VIII, mfalme ambaye hakuumaliza mwaka kitini. Yenyewe ni ya kawaida tu. Anayekutajia bei kubwa kwa sababu ya jina hilo, mwache aende zake.

Inayotafutwa ni chotara. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini. Kiwanda cha Heaton cha Birmingham, ambacho alama yake ni H, kilipiga pia peni za Afrika Magharibi ya Kiingereza, nazo zina tundu, taji na ukubwa unaokaribiana na senti kumi, kama milimita 30 hivi. Muhuri wa taji wa senti kumi ukafungwa na muhuri wa nyuma wa peni, na mashine haikugoma kwa kuwa vipimo vilikubaliana.

Anza na upande wa nyuma. Senti kumi ina pembe za ndovu kando ya tundu. Peni ina nyota ya ncha sita. Ukikuta nyota, geuza, usome maandishi yaliyolizunguka taji: yametaja senti au peni? Nyota huku, senti kule, basi ndiyo.

Au ni ya kughushi. Mafundi huikwangua sarafu moja iwe kama kisahani, wakaipunguza nyingine kwa mashine ya kukereza, wakaipachika ndani. Mshono huufichia pale ukingo unapokutana na uso, ila tundu huwaumbua. Mulika tochi ya simu ndani yake, uizungushe polepole chini ya kioo cha kukuzia: ukuta wa tundu uwe mzima. Mstari mwembamba unaozunguka, au weusi wa gundi, ni sarafu mbili hizo. Iweke kwenye ncha ya kidole uigonge kwa penseli. Iliyobandikwa hutoa sauti butu. Mizani ya sonara iwe ya mwisho, maana fundi mzuri huulenga uzito.

Usiisugue kwa ndimu wala ukwaju kama sinia. Tindikali hula maandishi, na H ni ndogo. Maji baridi yasiyo na chumvi, kitambaa cha pamba cha kugusisha tu, kisha bahasha ya karatasi. Vifuko laini vya plastiki ya PVC huacha utelezi wa kijani juu ya shaba, na joto letu la pwani huuharakisha.