Je, wajua kwa nini manahodha wa boti ndogo hupima safari kwa dumu, si kwa kilomita?

Muulize nahodha wa boti ya faiba pale Tanga kuna umbali gani hadi Wete, Pemba. Kilomita hatakutajia. Atakwambia: "Dumu mbili, bahari ikilala." Rudi umuulize mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza na boti imesheheni, utasikia dumu nne.

Pemba haijahama. Tanga na Wete ziko karibu kwenye mstari mmoja wa magharibi na mashariki, na baina yao kuna kilomita zipatazo 70, yaani maili za baharini kama 38. Kilichoongezeka ni saa za kukaa majini, na mashine ya boti hula mafuta kwa saa.

Mwenye gari hili humchanganya. Gari lake linakwenda kilomita 10 au 12 kwa lita, leo na kesho, kwa hiyo anajua tangi likijaa atafika wapi. Lakini barabara haisogei chini ya tairi. Baharini njia yenyewe inatembea, wakati mwingine kuja kwako, wakati mwingine kukukimbia. Mashine inaweza kunguruma vilevile saa nzima, ikanywa lita zilezile, na boti ikawa imesogea maili 18 au 9.

Tufanye hesabu ya yule nahodha. Boti yake tuseme ina mita 7, na nyuma kafunga mashine ya nguvu-farasi 40 ya tu-stroki, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Kipimo cha haraka ni kwamba mashine ya petroli ikifunguliwa yote hula kama lita 4 kwa saa kwa kila nguvu-farasi 10, na tu-stroki za kabureta huzidi hapo kidogo. Tumpe lita 18 kwa saa. Boti ikiwa nyepesi na bahari shwari, anakwenda noti 18, yaani maili 18 za baharini kwa saa. Maili 38 zinamchukua saa mbili na dakika chache, lita 38. Dumu mbili za lita 20, sawasawa na alivyosema. Sasa mpakie watu na magunia, umpe na mawimbi ya ubavuni mwa omo, yaani mbele ya boti, mwendo ushuke hadi noti 9. Mashine bado imefunguliwa yote, bado inakula 18 kwa saa, lakini safari imekuwa ya saa nne na robo: lita 76. Ndizo dumu nne.

Mtu atauliza: kwa nini asiende taratibu? Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya maji yenyewe. Kila chombo kinapotembea hutengeneza wimbi lake, na kadiri kinavyoongeza mwendo ndivyo wimbi hilo linavyorefuka. Hufika mahali ambapo kilele kimoja kiko omoni na cha pili kiko tezini, yaani nyuma, na boti imekaa katikati kama iliyolala kwenye machela. Kwa chombo cha urefu wa mita 7 majini, hapo ni kwenye noti 6 na kitu. Ukitaka kuzidi mwendo huo lazima boti ipande mgongo wa wimbi lake yenyewe: omo inanyanyuka, tezi inadidimia, mashine inalia, na mafuta yanakwenda bila maili za maana. Boti nyepesi yenye mashine ya kutosha huvuka kilima hicho ikaanza kuteleza juu ya maji, ikapata nafuu. Boti iliyojazwa kupita kiasi hukwama palepale kileleni. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa nyingi za petroli zinapozama, maana nahodha anaona mashine inafanya kazi kwa nguvu zake zote na kudhani anakwenda.

Chini ya kilima hicho mambo ni rahisi mno. Kwa noti 6 mashine ileile inaweza kula lita 5 tu kwa saa. Saa sita na ushei hadi Wete, lita 32 hivi, nafuu kuliko hata ile safari ya mbio ya bahari shwari. Mwendo wa kobe ndio uliowavusha watu bahari kubwa kwa vyombo vidogo: mwaka 1902 boti iitwayo Abiel Abbot Low, yenye urefu wa futi 38, ilivuka Atlantiki kutoka New York hadi Falmouth, Uingereza, kwa injini ya mafuta ya taa. Ilichukua siku 36. Ukigawanya, hata noti 4 hazifiki, ni kama mtu anayetembea kwa haraka kwa miguu, usiku na mchana.

Ila kuna mkondo. Katika mlango wa Pemba maji hukimbilia kaskazini, na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi, noti 3 hata 4. Upepo wa kaskazi ukivuma hupungua. Anayekwenda noti 18 haimsumbui sana, ataelekeza omo kusini kidogo na kufidia. Anayekwenda noti 6 kwenye mkondo wa noti 3 lazima aelekeze omo kusini nyuzi 30 nzima ili asitupwe kaskazini mwa Wete, na mwendo wake wa kwenda mashariki unabaki noti 5 na kidogo. Safari inakuwa ya saa saba na robo. Na kama njia yake ingekuwa ya kusini moja kwa moja, dhidi ya maji, zingebaki noti 3 tu: mafuta mara mbili kwa umbali uleule. Kwenda taratibu kunaokoa petroli mradi maji yasiwe na mwendo kama wako.

Kwa sababu hizi zote manahodha wengi duniani hugawa mafuta mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, la tatu halihesabiwi. Kwa hesabu yetu ya boti nyepesi, lita 38 mara tatu, ni lita 114, na hapo panazuka kero nyingine, kwani petroli ina uzito. Lita 114 ni kilo 84 hivi, abiria mmoja mnene asiyelipa nauli. Ukimweka tezini pamoja na mashine, boti inainua omo na kile kilima kinakuwa kirefu zaidi. Mahali pake ni katikati, dumu zikiwa zimefungwa zisitembee, wala zisijazwe hadi shingoni, maana petroli hutanuka juani.

Tena si kila lita iliyomo tangini ni yako. Mrija wa kunyonya haugusi chini kabisa, na boti ikiyumba huanza kuvuta hewa mapema. Chini huko ndiko maji na uchafu vinakokaa.

Tarakimu nilizotoa ni za mfano. Za boti yako unazipata bure. Jaza tangi hadi alama, tembea saa moja kwa mwendo wako wa kawaida na mzigo wako wa kawaida, kisha ujazie tena kwa chombo chenye vipimo. Simu yenye ramani itakwambia umesogea maili ngapi. Rudia siku ya upepo. Hizo namba mbili ziandikwe ubavuni mwa tangi.

Na uzipime kwa kwenda na kwa kurudi, hasa wewe wa Tanga na Pemba. Kusi hupiga mara nyingi ikitokea kusini mashariki, kaskazi hutokea kaskazini mashariki, kwa hiyo anayekwenda Pemba hukutana na upepo usoni misimu yote miwili, na anayetoka Pemba husukumwa. Mtu wa Wete akija Tanga asubuhi kwa dumu mbili, akauza samaki wake, akaenda kituoni kununua dumu mbili za kurudia, muuzaji mwenye busara atamuuliza kama ana dumu la tatu.