Flagyl si dawa ya kila tumbo

Alasiri, duka la dawa Darajani. Bi mkubwa kashika shavu lililovimba. "Nikatie Flagyl, mwanangu, jino limetunga usaha." Kijana anachukua mkasi, anakata vidonge sita, anavitia kwenye bahasha ndogo. Nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara roho huniuma.

Dhana: "Mwili wangu umeshaizoea dawa."

Anayezoea ni bakteria, si mwili. Kwenye utumbo mpana wamejaa bakteria wasioishi penye oksijeni, nao ni wengi mno kuliko wanaoihitaji. Dawa ikipita, dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana. Tena hupeana jeni za usugu, hata na bakteria wa aina nyingine. Umemeza antibiotiki kwa ajili ya kifua, lakini na hawa wa tumboni imewapitia. Na bakteria sugu huambukiza: mjukuu ambaye hajawahi kumeza kidonge anaweza kuwapata kwako.

Dhana: "Iliyomponya baba itaniponya na mimi."

Chukua Bacteroides fragilis, anayeleta majipu ya tumbo utumbo ukitoboka. Penisilini karibu haimfanyi kitu, kwani ana kimeng'enya cha kuivunja. Klindamaisini, antibiotiki nyingine, ilikuwa tegemeo: Marekani, mwaka 1987, sugu kwake katika kundi la fragilis na ndugu zake walikuwa kama asilimia 3, kufikia 2000 walishapita asilimia 20. Metronidazoli, ambayo ndiyo Flagyl yenyewe, bado inawaweza walio wengi. Nguvu yake kwa bakteria hawa ilianza kuonekana 1962 Uingereza, mgonjwa aliyepewa kwa maradhi mengine alipopona na fizi. Lakini jeni za kuishinda, ziitwazo nim, zimeshapatikana. Halafu sisi tunaimeza kwa kila tumbo la kuharisha, na mara nyingi tumbo hilo ni la virusi, ambavyo Flagyl haivigusi kabisa!

Dhana: "Maabara hawakuotesha kitu, basi hakuna bakteria."

Bakteria hawa wasioishi penye oksijeni hufa wakipigwa na hewa. Usaha uvutwe kwa sindano, usafirishwe bila hewa, na uoteshwe siku mbili au zaidi.

Dhana: "Jipu la jino hutibika kwa vidonge."

Dawa nyingi hazipenyi vizuri ndani ya usaha. Bi mkubwa yule alihitaji kiti cha daktari wa meno: usaha utolewe, jino litibiwe au ling'olewe. Antibiotiki huongezwa uvimbe ukisambaa au homa ikipanda.